Somo la Moto Ambalo Halikuandikwa

Mwanamke mwenye muhuri wa serikali alikuwa na meza yake ndani ya duka la namba za magari, kati ya rafu ya mafuta ya injini na mashine ya kahawa. Hapo ndipo Verna Zeiset alipoambiwa kwamba hafai. Hakuambiwa kwa ubaya. Aliambiwa vizuri, na ndiyo maana maneno yale yalikaa.

Kendra, mke wa mwanawe, alikuwa amekuja kula kiapo cha mwaka. Kila mwaka kabla ya mwezi wa nane kuanza, mzazi wa Pennsylvania anayemsomesha mwanawe nyumbani huapa kwa maandishi kwamba mtoto atasoma siku mia na themanini, na kwamba masomo yote yanayotakiwa na sheria atayapata. Mtoto mwenyewe alikuwa Tirzah, binti wa miaka tisa, mtoto pekee wa nyumba ile. Verna alifuatana na Kendra kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikaa na Tirzah kila asubuhi. Kendra alifanya kazi kwa daktari wa meno mpaka saa saba mchana, na Nevin, baba wa mtoto, alikuwa barabarani na lori la maziwa tangu alfajiri. Siku ile Verna alivaa gauni la kanisani na kofia yake nyeupe ya ibada, maana karatasi ya serikali si mchezo. Kendra alipomaliza kutia sahihi, Verna akasogea mezani akauliza yeye atie wapi.

Mwenye muhuri akamwuliza yeye ni nani wa mtoto.

"Ni bibi yake," Verna akasema. "Mimi ndiye ninayemfundisha."

Yule mama akageuza karatasi, akaweka kidole kwenye mstari. Msimamizi wa masomo awe mzazi au mlezi wa kisheria, na awe na cheti cha sekondari. "Cheti unacho, mama?"

Verna hakuwa nacho. Kwao, katika kanisa la Wamennonite wa kizamani wenye magari ya farasi, mtoto alimaliza darasa la nane akiwa na miaka kumi na minne, akashukuru Mungu, akaenda kukamua ng'ombe. Alipoolewa na marehemu Harlan walihamia kanisa lenye magari ya mafuta na taa za umeme, lakini shule ilikuwa imekwisha kubaki nyuma. Kwa miaka hamsini hakuna aliyemwuliza habari za cheti, wala yeye hakujiuliza.

Kwenye gari Kendra alimwambia kwamba ile ni karatasi tu, kila mtu anajua nani anafundisha.

"Kila mtu nani?" Verna akauliza.

Kendra akacheka. Verna akatazama mahindi ya watu dirishani.

Hilo lingepona. Lililokataa kupona ni la pili. Mwaka wa masomo ukiisha, sheria inataka mtu mwenye leseni ya ualimu apitie jalada la mtoto, azungumze naye, kisha aandike barua ya kuthibitisha kwamba mtoto amesoma, na barua ifike ofisi ya shule za wilaya kabla ya tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Kendra alimchagua mama yake mzazi, Lorraine Haldeman, aliyefundisha darasa la tatu miaka thelathini na mmoja. Lorraine alikaa mjini, mwendo wa nusu saa, alikata nywele fupi kama mwanamume na miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya shanga. Hakuna aliyemwuliza Verna maoni yake. Angeulizwa angesema ni sawa, kwa kuwa angesema nini kingine? Lakini alipokuwa anakunja nguo za watu wa nyumba ile aliwaza: mmoja atakula kiapo, mmoja ataandika barua, na mimi nitakuwa nani? Meza?

Basi mwaka ukaanza. Asubuhi saa mbili Verna alikuja kwa miguu kutoka kanyumba kake nyuma ya ghala, akaomba na mtoto, wakafungua vitabu. Kusoma, kuandika, hesabu, jiografia, historia ya nchi na ya jimbo, sayansi, afya, nyimbo, michoro, mazoezi ya viungo. Kila siku ilipokwisha, Verna aliandika kwenye daftari lenye jalada jeusi: tarehe, somo, na jina la kila kitabu kilichosomwa, kwa sababu sheria inataka majina ya vitabu na inataka yaandikwe siku ile ile, si mwisho wa mwaka kwa kubahatisha. Kendra alimwambia kwamba kuna njia ya kufanya hivyo kwenye simu. Verna akasema simu haina mistari. Mwandiko wake ulikuwa ule wa kufundishwa kwa fimbo, herufi zimelala upande mmoja kama ngano iliyopigwa na upepo. Jina lake halikuwa kwenye kiapo, wala lisingekuwa kwenye barua. Daftari lilikuwa lake.

Lakini Lorraine hakukaa mbali kama mkaguzi anavyotakiwa kukaa. Alikuja Jumamosi na ramani za kukunjua na mafumbo ya vipande mia tano, na Tirzah alipolisikia gari lake alitoka mbio bila viatu akimwita Nana. Verna alikuja kila siku, na nani humkimbilia mtu anayekuja kila siku? Lorraine alimwonyesha mtoto njia yake ya kugawanya. Jumatatu Verna alipoanza kugawanya kwa njia aliyoijua, Tirzah akasema kwa upole, "Bibi, ya Nana ni fupi." Wikiendi moja Lorraine alimfundisha kukunja karatasi ili apate mistari bila rula, na tangu siku hiyo mtoto hakuomba tena rula ya Verna. Vitu vidogo. Mwiba nao ni mdogo.

Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Verna hakukonda, alinenepa, maana alikuwa mtu wa kula akiudhika. Aliomba aondolewe wivu huo, na aliomba kweli, akipiga magoti kando ya kitanda. Lakini aliomba kama mtu anayemsindikiza mgeni mlangoni huku amemshika mkono asitoke.

Ndipo ikaja Jumanne ya kuelekea Kwaresima. Siku ile nyumba nyingi za huko hukaanga maandazi yanayoitwa fasnacht, kumaliza mafuta ya nyumbani kabla ya mfungo. Verna alikuwa ameukanda unga na viazi tangu jioni iliyotangulia, akaweka sufuria ya mafuta ya nguruwe jikoni, akawasha gesi. Hesabu ya siku ilikuwa sehemu: robo tatu ya kikombe, nusu ya kijiko. Tirzah alipima vizuri. Kisha simu ya ukumbini ikalia, na alikuwa Nana.

Verna alisikia mtoto anacheka. Akafuta mikono. Akasogea hadi mlango wa jikoni, akasimama upande ambao mtu wa ukumbini hamwoni. Alijiambia anasubiri tu mtoto amalize.

Tirzah alikuwa anaeleza kitabu walichokuwa wakikisoma. Nana bila shaka aliuliza kama Bibi anamsomea kwa sauti, kwa sababu mtoto alisema, "Ndiyo, kila siku. Ila akifika kwenye neno gumu huliruka. Mimi simwambii. Atahuzunika."

Verna alisimama pale pale. Alikuwa akiyaruka maneno yale kwa ustadi, kama mtu anayejua ubao mbovu wa sakafu yake, na kumbe mtoto alikuwa ameziona hatua zote. Na aliyeambiwa, kati ya watu wote wa dunia, ni Lorraine. Hakuinusa harufu. Alisikia mtoto anaaga simu, anakuja, anapita pembeni yake, kisha anasema neno moja, "Bibi."

Mafuta yalikuwa yameshika moto. Ndimi zilikuwa zimefika chini ya kabati la ukutani. Verna alilikimbilia jagi la maji, akalinyanyua, na Tirzah akamdaka mkono kwa mikono yake yote miwili. Akamwambia siyo maji, Bibi, siyo maji. Akachukua mfuniko mkubwa wa sufuria ya jamu, akausogeza juu ya moto kutoka pembeni kama mtu anayefunga dirisha, akazima gesi, akarudi nyuma. Ukasikika mlio wa moto unaokosa hewa. Basi.

"Ulijulia wapi?" Verna aliuliza.

Tirzah akaonyesha kalenda ya wazima moto wa kujitolea, iliyoning'inia karibu na friji. Kila mwezi ulikuwa na picha na mafunzo yake. Verna alikuwa ameitazama kila siku kwa ajili ya tarehe tu.

Alifungua madirisha, baridi ya mwezi wa pili ikaingia. Akasugua masizi kwa siki na sabuni mpaka rangi ya kabati ikarudi. Akakaanga maandazi kwa mafuta mapya. Kendra aliporudi alinusa, akauliza, na Verna akasema mafuta yaliungua kidogo. Haukuwa uongo wa kutosha kuitwa uongo. Tirzah alikuwa anakula andazi. Alimtazama bibi yake, kisha akatazama sahani, hakusema kitu. Verna hakuwa amemwomba anyamaze. Mtoto alinyamaza mwenyewe, kwa sababu ile ile aliyoitaja kwenye simu, na hilo lilimchoma Verna kuliko mafuta. Daftarini aliandika: Hesabu, sehemu, kwa vipimo vya unga. Akaandika jina la kitabu cha kusoma. La moto hakuliandika.

Miezi ikapita, majani yakarudi kwenye miti. Jumapili moja mezani, Nevin alikumbusha habari ya mwaka uliotangulia, ofisi ilipowaandikia barua kuwauliza ukurasa uliokosekana kwenye kiapo. Nevin ni mtu mpole, lakini barua za ofisi humkosesha usingizi. Alisema ikija nyingine kama ile, Tirzah atapanda basi la njano la shule mwezi wa tisa kama watoto wengine, naye hataki mjadala. Kendra alisema haitakuja. Basi la njano lilipita saa moja na nusu asubuhi, likarudi saa tisa alasiri. Katikati ya saa hizo ndimo yalimokuwa maisha yake yote.

Lorraine alikuja kukagua tarehe ishirini na nane ya mwezi wa sita. Aliketi kichwani pa meza, Kendra kulia kwake, Tirzah kushoto. Verna alikaa mwisho wa meza na beseni la njegere, akimenya, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi wala aliyemwambia aondoke. Lorraine alivaa miwani, akatoa orodha ya masomo, akaanza kupitia jalada ukurasa kwa ukurasa. Alimwuliza Tirzah juu ya mito ya jimbo na juu ya kipepeo aliyemchora. Alimtaka asome kwa sauti. Alipofika kwenye daftari jeusi alitulia nalo muda mrefu, kisha akasema amefanya kazi na walimu wenye shahada mbili ambao hawakuwahi kuandika daftari safi namna ile. Verna aliitafuta sindano ndani ya sifa hiyo. Hakuipata, na hilo nalo likamuudhi.

Kisha kidole cha Lorraine kikasimama kwenye orodha. Usalama upo, akasema, kuvuka barabara, baiskeli, sawa. Lakini sheria inataja kinga ya moto kwa jina lake, kila mwaka, na yeye haioni popote. Kendra akashtuka. Walipanga kwenda kituo cha wazima moto mwezi wa kumi, akaeleza, Tirzah akaugua mafua, na safari ikasahaulika.

"Siwezi kuandika kwamba nimeona nisichokiona," Lorraine alisema. "Hata kwa mjukuu wangu. Hasa kwa mjukuu wangu." Kisha akatabasamu, akamgusa bintiye mkono. Hakuna tatizo, siku mbili zimebaki. Atamchukua Tirzah leo, alale kwake. Jirani yake ni mzima moto. Kesho asubuhi watakwenda kituoni, mtoto atapanda gari, somo litafundishwa, na barua itaandikwa kesho hiyo hiyo. Tirzah aliposikia gari la moto aliruka kwenye kiti. Kendra alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Lorraine akalivuta daftari jeusi, akafungua ukurasa wa mwisho, akabofya kalamu. Alisema atatenga nafasi kabisa, ataliandika somo hilo yeye mwenyewe.

Siku mia na themanini Verna alikuwa ameziandika moja moja. Na sasa mkono mwingine ulikuwa umeshafika juu ya mstari.

"Weka kalamu chini," alisema.

Wote wakageuka.

"Utafundisha wewe, utaandika wewe, kisha utajikagua wewe mwenyewe?" Verna aliendelea kumenya njegere. "Hiyo ni sheria ya jimbo gani, mkwe?"

Lorraine aliona haya kidogo, maana ilikuwa kweli. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa na njegere. "Kama una lako lilete, Verna. Mimi nina macho tu. Kilichopo nitakiona."

"Kipo. Mtoto anaijua kinga ya moto tangu mwezi wa pili."

"Daftarini hakimo."

"Hakimo kwa sababu sikukiandika."

Hapo angeweza kusimama. Maneno mawili yalikuwa tayari mdomoni: nilimfundisha. Yangetosha. Lorraine angemwuliza Tirzah maswali, Tirzah angeyajibu, barua ingeandikwa, na Verna angekuwa mwalimu wa somo ambalo serikali imelitaja kwa jina. Aliyaonja maneno hayo. Kisha akamwona Tirzah anamtazama. Mtoto alikuwa ameshainamisha uso nusu kuelekea mezani, tayari kunyamaza tena kwa niaba yake, na Verna akajua kwamba akiyasema, hilo ndilo somo litakalobaki.

Akasukuma beseni pembeni. Akaeleza siku ya maandazi. Alieleza bila kupamba: sufuria, moto chini ya kabati, jagi la maji mkononi mwake, mikono ya mtoto, mfuniko. Alisema kwamba yeye hakumfundisha; kalenda ilimfundisha mtoto, na mtoto akamfundisha bibi.

Kendra alikuwa amesimama. "Na wewe ulikuwa wapi, Mama?"

"Mlangoni."

"Mlangoni unafanya nini, mafuta yako jikoni?"

Verna alimtazama Lorraine, si Kendra. "Nasikiliza mtoto akiongea na huyu. Nilitaka kujua anamwambia nini ambacho mimi haniambii."

Lorraine alivua miwani, ikaanguka kifuani kwa kamba yake. Alijua simu ile ni ipi, na alijua mtoto alisema nini siku hiyo; ilionekana usoni. Verna aliona kwamba alijua, na akaona pia kwamba hatasema. Hata hilo lilimwuma, kudaiwa shukrani na Lorraine.

"Tirzah," Lorraine akasema kwa sauti ya darasani, "mafuta yakishika moto jikoni, unafanya nini?"

Mtoto alijibu. Alitoa sufuria tupu akaonyesha mfuniko unavyokuja kutoka pembeni, si kutoka juu, ili mkono usiungue. Akasema gesi inazimwa, sufuria haibebwi, na mfuniko haufunuliwi mpaka ipoe. Lorraine akauliza kwa nini siyo maji. Kwa sababu maji huzama chini ya mafuta, Tirzah alisema, yanageuka mvuke mara moja, na mvuke unaurusha moto juu.

"Na baada ya kuzima, unamwambia nani?"

"Mtu mzima."

"Ulimwambia?"

Tirzah alifikiri. "Mtu mzima alikuwepo," akasema.

Lorraine alikohoa ndani ya ngumi, na hakikuwa kikohozi. Kisha akalisukuma daftari jeusi hadi mwisho wa meza, na kalamu juu yake. Alisema ukurasa wa mwezi wa pili usiguswe, uliopita umepita. Verna aandike chini ya tarehe ya leo jambo lililotokea na siku lilipotokea, kama lilivyo. Verna akaandika. Ilimchukua muda. Aliandika kwamba moto uliwaka kwa uzembe wa bibi na ukazimwa na mwanafunzi, na herufi zake zililala upande mmoja kama siku zote.

Barua iliandikwa pale pale. Lorraine aliisoma kwa sauti kabla ya kutia sahihi, na Verna alisikiliza mpaka mwisho. Lilikuwemo jina la Tirzah, la Kendra na la Lorraine mwenyewe. La Verna halikuwemo. Barua za namna ile hazina mahali pake.

Kendra alingoja gari la mama yake liondoke. Alimkuta Verna kwenye kamba ya nguo akianua mashuka, akamsaidia kukunja, pembe kwa pembe, bila kumwangalia.

"Ungenificha mpaka lini?"

"Mpaka nife," Verna alisema.

Kendra akasema hana hasira ya moto. Moto humtokea mtu yeyote. Ana hasira kwamba mwanawe wa miaka tisa alibeba siri ya mtu mzima miezi minne, akala nayo, akalala nayo. Verna alisema ni kweli. Kendra akamaliza shuka la mwisho, akasema alilokuwa ameamua: hatamtajia Nevin habari ya kumpeleka mtoto shule kwa basi. Lakini mwaka ujao, Jumanne na Alhamisi, Tirzah atakwenda kwa Nana. Kwa ukaguzi watatafuta mtu mwingine. Siku tatu zitabaki za Verna.

Verna alichukua kikapu cha nguo. Kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshapiga hesabu, kwa njia yake ndefu. Siku mbili kati ya tano ni siku sabini na mbili kati ya mia na themanini. Aliingia kanyumbani kwake, akakaa kitandani, akalia, na hakujifanya kwamba analia kwa ajili ya dhambi zake.

Kiangazi kile alimwambia Tirzah jambo moja tu kuhusu simu ile. Walikuwa wanasoma barazani. Alisema, "Nikiruka neno, niambie." Tirzah akauliza, hata kama ni mara nyingi? Verna akasema hata kama ni mara nyingi. Ilikuwa mara nyingi.

Mwezi wa nane ulipokaribia kwisha alikwenda dukani kununua daftari la mwaka. Akasimama mbele ya rafu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kulikuwa na madaftari mepesi ya jalada la karatasi, na kulikuwa na yale meusi magumu. Alikamata moja la karatasi kwa ajili ya Lorraine, akalirudisha, akalikamata tena. Mwishowe akanunua meusi mawili. Juu ya moja aliandika Jumanne na Alhamisi, akampa Tirzah alipeleke.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tisa daftari lile lilirudi kwenye mkoba wa mtoto, na Verna akalifungua kabla ya kufungua kitu kingine chochote. Mwandiko wa Lorraine ulikuwa mzuri, hilo halikukanika. Jiografia, sawa. Sayansi, sawa. Kisha jicho lake likasimama. Jumanne: kusoma, dakika arobaini. Hakuna jina la kitabu.

Alisoma tena. Mwalimu wa miaka thelathini na mmoja. Furaha iliyompanda ilikuwa ya moto na tamu, na aliijua ni furaha ya aina gani, akaiacha ikae kidogo kabla ya kuitazama usoni. Angeweza kunyamaza. Mwezi wa sita mkaguzi mgeni angeketi mezani, angefika kwenye ukurasa huo, na kidole chake kingesimama. Labda kungekuwa na Jumanne nyingi za namna hiyo kufikia wakati huo. Labda Kendra angezipiga upya hesabu zake.

Tirzah alikuwa chumba cha pili akiimba akitafuta kalamu. Verna akaenda ukumbini, akainua simu, akapiga namba ambayo kwa mwaka mzima aliijua kwa kusikia mtoto akiibofya.

"Lorraine, ni Verna. Jumanne hukuandika jina la kitabu."

Kisha Lorraine akasema kwamba katika kazi yake yote, amesimamiwa na wakuu saba wa shule, na hakuna aliyewahi kumkagua hivyo.

"Hawakuwa na muda," Verna alisema. "Mimi ninao. Jumanne na Alhamisi sina kazi."

Lorraine alicheka, cheko fupi, la mtu aliyekanyagwa na hawezi kukana kwamba mguu ulikuwa njiani. Akataja jina la kitabu, akamwomba Verna alijazie tu, si daftari liko mikononi mwake?

"Hapana," Verna akasema. "Aliyefundisha ndiye anayeandika. Utalikuta kwenye mkoba wa mtoto."

Akakata simu. Alilifunga daftari la Lorraine, akaenda kulirudisha mkobani, kisha akamwita Tirzah aje wagawanye, na mtoto akauliza kwa njia ipi.

"Zote mbili," Verna akasema. "Anza na ya kwangu."